Muhogo mchungu, zebaki na dawa za kemist: namna ya kuishi na bakteria wa tumbo bila kujiongezea sumu

Watu wengi wameskia kwamba tumboni kuna bakteria wazuri na wabaya, wazuri wanakulinda, wabaya wanakuharisha, basi, mambo yaishie hapo. Hiyo hesabu ni rahisi mno na ukifika kwa maneno ya sumu inaeza kukuponza. Bakteria wa tumbo hawana habari na wewe. Wanatafuta mlo tu, na kila kitu kinachoshuka kwa utumbo, iwe ni ugali, dawa ya kichwa, rangi ya soda ama ile sumu ya sianidi iliyojificha kwa muhogo, wanajaribu kukikata waone kama kuna sukari ya kunyofoa hapo. Wakishakata, kinachobaki mara ingine hakina madhara yoyote, na mara ingine ndo sumu yenyewe, ambayo ilikuwa imelala mpaka wao wakaiamsha. Bakteria ni wale wale. Tofauti inategemea ulimeza nini, na ulikiandaa vipi kabla hujakimeza.

Kwa hivyo huu mwongozo sio wa kuuziwa chai ya kusafisha tumbo. Ni wa mambo unayoeza kufanya jikoni, sokoni na kwa kemist, hasa sisi wa huku magharibi ya Kenya, kutoka Busia na Siaya mpaka Kisumu, Kakamega na Migori, juu vitu vyetu vya kila siku ndo vinaonyesha hii kazi ya bakteria vizuri sana.

Elewa njia kwanza

Ndani yako una bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na seli za mwili wako wote, na karibu wote wanaishi kwa utumbo mpana, mahali hakuna oksijeni. Ukimeza kitu, kile kinachoyeyuka haraka kinafyonzwa mapema kwa utumbo mwembamba kinapelekwa kwa ini. Ini likikutana na kemikali lisiyoijua, linaichoma kwa oksijeni alafu linaipachika kitu cha ziada, mara nyingi aina ya sukari inaitwa asidi ya glukuroniki, ndio iyeyuke kwa maji itoke na mkojo ama iteremke na nyongo. Bakteria nao wanafanya kinyume, hawaongezi, wanakata na kubomoa. Shida inaanza hapo, juu nyongo inamwagika kwa utumbo ule ule wa bakteria, na wao wakiona ile sukari ya ini wanaikata waile, na kemikali inabaki huru tena na inafyonzwa tena inarudi mwilini. Ni kama kifurushi kimebandikwa lebo ya Busia, mtu akabandua lebo hapo steji, kikarudi kwa aliyekituma.

Huo mzunguko wa ini, nyongo, utumbo na ini tena ndo unafanya dawa zingine zikae mwilini muda mrefu kuliko vile ungetarajia, na sumu zingine pia. Uweke akilini, tutaurudia kwa zebaki.

Muhogo, hapa tukae kidogo

Muhogo una kemikali inaitwa linamarini, ambayo ni sukari iliyofungwa pamoja na sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo haikufanyi kitu. Mmea wenyewe umebeba enzimu ya kuifungua, lakini umeviweka mahali tofauti ndani ya seli, visikutane mpaka mdudu aume ama mtu akune. Vikikutana, sianidi inatoka kama gesi. Na hiyo gesi ni nyepesi kuondoka, inachemka kwa nyuzi 26 hivi, yaani joto la mchana wa kawaida Kisumu linaitosha.

Sasa fikiria unachukua muhogo mchungu unaukata vipande vikubwa unatupa kwa maji yanayotokota. Moto unaua ile enzimu ya mmea haraka kabla haijamaliza kazi, na linamarini nyingi inabaki ndani ya kipande, imelala. Unakula, utamu upo, hakuna harufu. Sehemu ya hiyo linamarini inafyonzwa ikiwa nzima na kutoka kwa mkojo bila shida, juu mwili wa binadamu hauna nguvu kubwa ya kuikata. Ile inayobaki inateremka, na kule chini kuna bakteria wenye enzimu inaitwa beta-glukosidasi ambao wanaitaka hiyo sukari. Wanaikata. Sukari yao, sianidi yako. Ndo maana mtu anaeza kula saa saba mchana akiwa poa kabisa na saa kumi na moja jioni anaanza kizunguzungu, kichwa kugonga na kutapika, na watu wanaanza kutafuta ni nani amemloga.

Kama unadhani nasingizia bakteria, kuna jaribio la 1980 la panya na amigdalini, kemikali ya ukoo ule ule inayopatikana kwa mbegu za aprikoti. Panya wa kawaida walipewa kwa mdomo wakapata sumu ya sianidi wakafa, na panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni walipewa dozi ile ile wakaendelea na maisha yao. Na hiyo amigdalini ndo ile inauzwa kwa jina la "vitamini B17" eti inaponya kansa. Sio vitamini, haiponyi kansa, na ukiimeza bakteria wako wanakutengenezea sianidi. Ukitumiwa hiyo meseji kwa grupu la familia, ifute tu.

Sasa jinsi ya kuuandaa. Anza sokoni kwa kuuliza, usione aibu. Kwa soko ya muhogo swali lenyewe ni fupi, "Mama, huu ni wa kuchemsha ama ni wa unga?" na mama anayejua mali yake anakujibu bila kuzunguka, "Huo ni wa unga, mwanangu, usichemshie watoto, chukua hii ya upande huu." Hiyo tofauti ndo kila kitu. Muhogo unaoitwa mtamu unapaswa kuwa na sianidi chini ya miligramu 50 kwa kila kilo ya muhogo mbichi, mchungu unapita hapo na mara nyingi unapita mbali. Uchungu kwa ulimi ni dalili nzuri lakini usiutegemee peke yake. Alafu kumbuka mwaka wa kiangazi muhogo wowote unapanda sumu, hata ile mbegu ambayo mmekuwa mkila miaka yote bila neno.

Wa kuchemsha: menya maganda kwa kina, yale ya ndani pia, juu huko ndo sumu imejaa zaidi. Kata vipande vidogo, sio vinene vya kujaza kiganja. Weka kwa maji baridi mengi ndio uwashe moto, usianze na maji yaliyotokota, ili enzimu ya mmea ipate muda ya kufanya kazi kabla haijaungua. Usifunike sufuria. Maji ukishamaliza mwaga, usipikie mchuzi, usiwape watoto eti ni supu.

Wa unga: huu hauchemshwi hivyo hivyo kamwe. Njia inayotoa sumu vizuri kabisa ni kuloweka, unamenya, unauzamisha kwa maji siku tatu mpaka nne hadi ulainike uweze kuuvunja kwa vidole, alafu unaanika mpaka ukauke kabisa, ndio uende poshomili. Huku Busia na Siaya wengi wanatumia njia ya kurundika, muhogo unamenywa unakaushwa kidogo unafunikwa siku chache mpaka uote ukungu, ukungu unakwaruzwa, unavunjwavunjwa na kuanikwa, alafu unasagwa na mtama ama wimbi. Inapunguza, ndio, juu ukungu unalainisha seli ndio enzimu na linamarini vikutane, lakini haimalizi kama kuloweka. Mbaya kuliko zote ni kukata vipande vikubwa ukaanika tu juani siku mbili ukasaga. Hiyo inakauka juu juu na sumu inabaki ndani, na njaa ikibisha ndo watu wanaikimbilia.

Ukiwa na unga ambao hujui uliandaliwa vipi, labda umenunua kwa debe njiani, kuna njia rahisi sana ambayo mtu angefaa kufundishwa shule ya msingi. Ilitengenezwa na Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia kule Canberra, na imetumika Kongo kwa vijiji ambavyo watu walikuwa wanapooza miguu. Weka unga wako kwa beseni, usawazishe, tia alama ndani ya beseni pale unga umefika. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka chini ya alama kwanza, usishtuke, endelea kuongeza maji mpaka mchanganyiko upande tena ufike pale pale kwa alama, hapo simama. Tandaza kwa mkeka ama turubai safi, tabaka lisizidi sentimita moja, acha juani masaa mawili ama kivulini masaa matano. Maji yameamsha enzimu iliyobaki kwa unga, linamarini inakatwa hapo nje, gesi inapaa na upepo. Alafu pika ugali siku hiyo hiyo, usiuweke mpaka kesho juu unga mbichi wenye maji unaoza. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na hii njia inashusha sianidi mara kadhaa. Hakuna gharama, ni mkeka na uvumilivu.

Unaona kile kinafanyika? Ile kazi ambayo bakteria wangeifanya ndani yako umeifanyia kwa mkeka.

Kisamvu, yaani majani ya muhogo, nacho kina sumu ile ile, lakini watu wetu wanakitwanga mpaka kiwe laini ndio wachemshe muda mrefu, na kutwanga kwenyewe ndo dawa. Ukikatakata tu kwa kisu ukachemsha kama sukuma umekosea.

Kingine ni mboga ya pembeni. Sianidi kidogo inayopenya, ini lina enzimu ya kuigeuza kuwa thayosayaneti inayotoka kwa mkojo, lakini hiyo enzimu inahitaji salfa, na salfa inatoka kwa protini. Omena, maharagwe, mayai, maziwa, njugu, chochote. Anayekula ugali wa muhogo na omena hayuko sawa na anayekula ugali wa muhogo na chumvi. Ile hali ya miguu kukakamaa ghafla na isirudi tena, inaitwa konzo, inapiga watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri wiki baada ya wiki bila protini, na usidhani ni ya Kongo na Msumbiji peke yake, miaka ya 1980 ilitokea Tarime, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Migori. Alafu thayosayaneti yenyewe inaibana aidini isifike kwa tezi ya shingo, kwa hivyo chumvi iwe ile ya paketi yenye aidini.

Mtu akila muhogo akaanza kutapika, kuchanganyikiwa ama kupumua kwa shida, ni hospitali na ni sasa hivi, mwambie daktari kabisa kwamba ni muhogo na ulikuwa saa ngapi. Maziwa na majani sio tiba ya sianidi.

Zebaki, hapa bakteria wako upande wako kidogo

Kule Kakamega, Siaya na Migori kuna dhahabu, na dhahabu ya mkono inakuja na zebaki, ile merkyuri wachimbaji wanachanganya na mchanga alafu wanachoma ibaki dhahabu. Nianze na ubaya: moshi wa kuchoma unaingia kwa mapafu, na asilimia kama 80 ya huo mvuke inabaki mwilini, haipiti tumboni kabisa, kwa hivyo bakteria hawana la kukusaidia. Usichomee jikoni, usichomee kwa sufuria ya chakula, watoto na mama mjamzito wasikae karibu. Hakuna chakula cha kufuta hiyo.

Lakini zebaki ikianguka kwa mito na maziwa, bakteria wa matope wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndo inapanda kwa samaki, na kadri samaki anavyokuwa mkubwa na mla samaki wenzake ndo anavyobeba nyingi. Hii ukiila inafyonzwa karibu yote, asilimia 95 hivi. Ini linaitupa kwa nyongo, utumbo unaifyonza tena, inazunguka, mpaka mwili unachukua kama siku 50 kupunguza nusu. Sasa kwenye huo mzunguko ndo bakteria wa utumbo mpana wanaingilia, wanang'oa ile methili, na zebaki inayobaki haifyonzwi vizuri, inatoka na choo. Njia kubwa ya zebaki ya samaki kutoka mwilini ni hiyo. Panya waliopewa antibayotiki walibaki na zebaki muda mrefu, na panya waliolishwa pumba za ngano nyingi walikuwa na zebaki kidogo kwa ubongo.

Aseniki, sumu nyingine, pia iko na hadithi ya karibu. Mwaka 2018 watafiti wa Montana kule Marekani walionyesha panya wenye bakteria wanastahimili aseniki kuliko wale ambao bakteria wao waliuliwa, aseniki ilitoka na choo badala ya kuingia kwa viungo.

Cha kufanya: kula omena na samaki wadogo mara nyingi, mbuta wale wakubwa kabisa mara moja moja, hasa kama una mimba, na usikose faiba, yaani nyuzinyuzi za chakula kama zile za pumba, kwa sahani. Usiache samaki, hapana, samaki ni wetu na protini yake ni hiyo hiyo inakusaidia kwa muhogo.

Mbuzi wa Hawaii

Hii nimeiweka juu naipenda. Wenye mifugo wanajua lusina, ule mti wa majani ya kulisha ng'ombe ambao ulisambazwa sana na watu wa kilimo misitu, hata pande za Maseno. Majani yake yana sumu inaitwa mimosini, na mnyama akila nyingi manyoya yanatoka, tezi inavimba, anakonda. Australia walikuwa na hiyo shida kubwa, lakini mtafiti mmoja, Raymond Jones, akaona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina kutwa na hawana neno. Kumbe tumboni mwao kulikuwa na bakteria anayebomoa ile sumu. Miaka ya 1980 wakachukua maji ya tumbo ya mbuzi, wakawapa mifugo wa Australia, na shida ikaisha, baadaye bakteria akapewa jina Synergistes jonesii kwa heshima yake. Farasi hana tumbo la kucheua lenye hiyo huduma mapema, ndo maana lusina inamtoa nywele za mkia. Ukilisha mifugo, anza na lusina kidogo, ichanganye na nyasi za kawaida, theluthi moja ya chakula isipite. Mwenye ng'ombe mmoja aliyezoea amuweke na wengine, hao bakteria wanaambukizana.

Dawa

Sehemu hii isome polepole. Dawa nazo ni kemikali, na bakteria hawazitofautishi na muhogo.

Miaka ya 1930 Ujerumani, Gerhard Domagk aligundua Prontosil, rangi nyekundu iliyoponya panya wenye maambukizi lakini ukiiweka kwa kichupa na bakteria haifanyi kitu. Watu wakashangaa. Baadaye Paris wakagundua mwili unaikata, na kipande kinachotoka ndo dawa yenyewe, na wakataji wakubwa ni bakteria wa utumbo. Hiyo ndo ilifungua ukoo wa dawa za salfa, ambao Septrin imetoka humo. Kwa upande mwingine kuna digoksini ya moyo, watu kama mmoja kwa kumi wana bakteria anaitwa Eggerthella lenta anayeivunja kabla haijafanya kazi, na mtu wa hivyo akipewa antibayotiki ghafla dawa inamzidi nguvu. Na Japani mwaka 1993 wagonjwa wa kansa walikufa baada ya kupewa dawa ya mkanda wa jeshi inaitwa sorivudini pamoja na dawa yao ya kansa, juu bakteria waliibadilisha ile ya kwanza kuwa kitu kilichozuia mwili kuvunja ile ya pili.

Kwa hivyo kwa kemist: usinunue vidonge viwili vya antibayotiki, ile ya rangi mbili, juu ya mafua ama koo. Mafua ni virusi, haviskii antibayotiki, lakini bakteria wako wanaskia. Wengi wanarudi baada ya wiki chache, wengine wanachukua miezi, na wachache hawarudi. Kuharisha kwa siku moja pia sio sababu ya kumeza vile vidonge vya njano vya antibayotiki, kunywa maji ya ORS na zinki kwa mtoto, uone kliniki kama kuna damu ama homa. Lakini, na hii naandika kwa wino mzito, kama uko kwa dozi uliyoandikiwa, iwe ni ya kifua kikuu ama Septrin ya kila siku ya kliniki, usiache eti unahurumia bakteria. Maisha kwanza. Meza mpaka mwisho, hao wengine tutawalisha.

Ukienda hospitali taja kila unachomeza, pamoja na mitishamba na ile poda ya kwa basi. Daktari hawezi kukisia.

Kuwalisha, na biashara ya kusafisha tumbo

Bakteria wakikosa faiba wanaanza kutafuna protini, na wakitafuna protini wanatoa amonia na vitu vingine ambavyo ini na figo lazima vihangaike navyo. Wakipata faiba wanatoa asidi fupi ambazo ukuta wa utumbo unazitumia kama chakula, na choo kinatembea, kwa hivyo ile kemikali iliyorudishwa na nyongo haipati muda mrefu ya kufyonzwa tena. Huku hatuna sababu ya kukosa. Nyoyo, maharagwe, ndengu, uji wa wimbi usiochujwa, ugali wa mtama, mrenda, saga, managu, ndizi ya kuchemsha iliyopoa. Ongeza polepole kama hujazoea, ukiruka kutoka chipo kila siku hadi madondo sahani mbili utajaza nyumba upepo.

Maziwa lala ni mazuri, kunywa, lakini usiyape miujiza. Na sio kila kilichochacha ni kitakatifu, watafiti walishapima mursik wakakuta kemikali inaitwa asetaldehaidi na pombe kidogo ndani, na asetaldehaidi ya pombe inatambulika kusababisha kansa ya umio. Sisemi watu wa Kericho na Bomet waache mila yao, nasema chachu na ukungu wa kibuyu wana kemia yao pia.

Chai nyingi zinazouzwa za kutoa sumu ni sena, yaani majani ya kuharisha. Unaenda choo mara tano unaona umesafishika, kumbe umepoteza maji na chumvi, na zebaki kama ilikuwepo imekaa kwa ubongo na figo huko chai haifiki. Mkaa wa kunywa ni kazi ya hospitali kwa mtu aliyemeza sumu saa hiyo hiyo, ukinywa kila asubuhi utabeba hata dawa zako za presha ziende na choo.

Mahindi yenye ukungu yamebaki. Aflatoksini ni sumu ya huo ukungu ambayo bakteria wa tumbo hawaiwezi, na ini likiigusa linaigeuza kuwa kali zaidi. Mwaka 2004 Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu. Kuna bakteria wa maziwa lala wanaoishika aflatoksini kwa maabara, lakini maabara sio tumbo lako, usile mahindi mabaya ukashushia na mala ukidhani umecheza kama wewe. Kausha mpaka asilimia 13 na nusu, anika kwa turubai sio kwa mchanga, chagua zile zimeoza utupe. Na usitupie ng'ombe. Tumbo lake lenye vyumba vinne linabomoa sumu nyingi za ukungu lakini hii inapita karibu nzima, anaigeuza kidogo alafu anaitoa kwa maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi.